Kwa nini chanjo ya ukambi husubiri miezi tisa

Msomaji mmoja, mama mwenye mtoto mmoja na anayeishi mtaa wa Kayole jijini Nairobi, ameniandikia barua yenye maswali ninayoyajua vyema, kwa kuwa huulizwa karibu katika kila benchi la kliniki ya watoto. Mtoto wake alichanjwa ukambi, au surua kama waitavyo wengine, alipofikisha miezi tisa. Siku chache baadaye alipata homa, akasumbua usiku mbili kisha akapoa. Sasa muuguzi amemwandikia kwenye kijitabu cha mama na mtoto kwamba arudi mtoto akiwa na miezi 18 achanjwe ukambi tena. "Ikiwa chanjo hii ni nzuri," auliza mama huyu, "mbona haikutolewa siku aliyozaliwa pamoja na zile nyingine? Na ikiwa ilishatolewa, mbona irudiwe? Ama ile ya kwanza ilikuwa maji matupu?"

Nyumbani kwake anaishi dadake mdogo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu anayesomea biolojia, na ambaye muhula huu wameanza somo la kinga ya mwili. Mama akamwuliza yeye kwanza. Jibu alilopata ni kwamba kinga ya sindano ya kwanza huwa imekwisha, kama betri ya simu, hivyo inafaa kuchajiwa upya. Mama hakuridhika. Nafurahi kwamba hakuridhika, kwa maana jibu hilo, ingawa ndilo hutolewa na watu wengi, si sahihi kwa ukambi. Tena linaweza kumpotosha, kwa kuwa mtoto wake ni mnene, anacheza, na haonyeshi dalili yoyote ya kuishiwa na kitu. Kwa nini basi apoteze siku nzima ya biashara akipanga foleni?

Leo nitawajibu wote wawili kwa pamoja, mama na mwanafunzi, maana swali lao ni moja. Nawaomba wasomaji wengine wavumilie majina mawili matatu ya darasani.

Mwili una ngome mbili. Ya kwanza sote huzaliwa nayo: ngozi, makamasi, tindikali ya tumbo, na nyuma yake chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza chochote kigeni. Joto la homa pia ni silaha ya ngome hii. Ni ya haraka, hufanya kazi kwa dakika na saa, lakini kumbukumbu yake ni haba. Haijali kama mgeni huyu alishawahi kubisha hodi au la.

Ngome ya pili ndiyo huwatoa jasho wanafunzi katika mtihani, na ndiyo inayohusika na barua hii. Askari wake ni chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Zote huanzia katika uboho wa mifupa. Baadhi hukomaa humo humo, nazo huitwa seli B. Nyingine huhamia kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo, zikaitwa seli T. Seli B ndizo kiwanda cha kingamwili, yaani zile protini zenye umbo la herufi Y zinazosafiri katika damu na kunasa viini. Seli T zina makundi yake. Kuna seli T saidizi, ambazo aghalabu bila idhini yao seli B haianzi kazi kamili, na kuna seli T zinazoua seli za mwili ambazo tayari zimeingiwa na virusi, kwa kuwa kirusi kikishajificha ndani ya seli kingamwili haziwezi kukifikia. Anayetaka kujua umuhimu wa hizi saidizi na akumbuke kwamba ndizo zinazoshambuliwa na virusi vya Ukimwi, na ndipo mwili mzima ukabaki wazi.

Lakini kabla ya majina yote hayo, kuna jambo moja ambalo mwanafunzi wetu anafaa kulishika. Mwili haushoni nguo baada ya kumpima mgeni. Zamani hata wataalamu wakubwa walidhani unashona. Mnamo 1940 mwanakemia Linus Pauling wa Marekani alieleza kwamba kingamwili hujikunja kwa kufuata umbo la kitu kigeni, kama fundi wa cherehani anayemzungushia mteja futi. Ilikuwa nadharia ya kupendeza, ila haikuwa kweli. Mnamo 1957 Frank Macfarlane Burnet wa Australia alitoa maelezo tofauti, na hayo ndiyo yanayofundishwa hadi leo.

Ukitaka kuyaelewa maelezo ya Burnet, nenda Gikomba. Pale kwenye mitumba hakuna anayekupima. Nguo zimekwisha kushonwa kitambo, kila moja na saizi yake, na nyingi hazitapata kamwe mtu wa kuzivaa. Wewe unapekua marobota hadi unapopata inayokukaa. Ndivyo ilivyo kwa seli B. Kila moja hubeba umbo lake moja tu la kunasia, na mwilini mna mamilioni kwa mamilioni ya maumbo, yaliyotengenezwa kabla ya adui yeyote kuonekana. Mtoto wa Kayole alizaliwa akiwa na seli kadhaa zinazoweza kunasa virusi vya ukambi, na nyingine za kunasa viini ambavyo huenda asikutane navyo maishani. Virusi vikiingia, hupita katika tezi na wengu vikigusana na seli moja baada ya nyingine hadi vinapokutana na ile inayovikaa. Hapo mwili hufanya kitu ambacho Gikomba haiwezi: nguo hiyo moja hutolewa nakala maelfu kwa maelfu.

Mwanafunzi atauliza, maumbo hayo yote yanatoka wapi, ilhali jeni za binadamu haziwezi kutosha hata kidogo? Jibu lilitolewa mwaka wa 1976 na Mjapani Susumu Tonegawa, ambaye kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1987. Alionyesha kwamba katika kila seli B vipande vya jeni hukatwa na kuunganishwa kwa mpangilio mpya. Mtu mwenye mashati 10, suruali 10 na jozi 10 za viatu anaweza kutoka nyumbani kwa namna 1,000 tofauti. Vipande vya jeni ni vingi kuliko hivyo, na pale vinapounganishwa hutiwa na kupunguzwa herufi kiholela, ndipo hesabu ikapita kiasi. Kubahatisha huku kuna hatari yake, kwani baadhi ya maumbo hutokea kuukaa mwili wenyewe. Kwa sababu hiyo seli T changa hutahiniwa katika thaimasi, na idadi kubwa mno hushindwa na kufa humo humo. Wanaolalamika kwamba mtihani wa kidato cha nne ni mkali hawajausikia huu.

Kupekua huchukua muda. Mara ya kwanza mwili kukutana na kiini kigeni, hupita juma moja hadi mawili kabla ya kingamwili za kutosha kupatikana, na katika majuma hayo ndipo mtu huugua, au hufa. Vita vikiisha, nakala nyingi hufa pia, lakini baadhi hubaki. Hizi ndizo seli za kumbukumbu. Adui akirudi, hakuna tena kupekua. Nguo imetundikwa mlangoni.

Zinaweza kukaa kwa muda gani? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Mnamo 1846 ukambi uliingia katika visiwa hivyo, na kati ya wakazi wapatao 7,800 waliugua kama 6,000. Serikali ya Denmark ilimtuma huko daktari mwenye umri wa miaka 25, Peter Ludvig Panum, ambaye alienda kijiji baada ya kijiji akiuliza maswali na kuandika. Ukambi ulikuwa haujaonekana visiwani humo tangu 1781, yaani miaka 65. Panum aligundua kwamba wazee waliougua ukambi wakiwa watoto mwaka huo wa 1781 hawakuugua tena, hata mmoja. Wazee wenzao walioukosa wakati ule waliugua sawa na vijana. Siku hizo hakuna aliyejua virusi wala limfosaiti ni nini.

Kwa hivyo mfano wa betri haufai hapa. Kumbukumbu ya ukambi, ikishaandikwa vizuri, kwa watu walio wengi hukaa maisha yote, iwe imeandikwa na ugonjwa au na chanjo. Simlaumu mwanafunzi, maana kwa pepopunda mfano wake unakaribia kuwa kweli, na ndiyo sababu kina mama waja wazito huchanjwa pepopunda tena. Lakini kila ugonjwa una tabia yake, na wanaofundisha kinga kana kwamba magonjwa yote ni mamoja huwaponza wanafunzi wao.

Basi kwa nini irudiwe? Hapa lazima tumtazame mama mwenyewe.

Mtoto mchanga hana kumbukumbu yoyote, lakini hazaliwi mikono mitupu. Katika miezi ya mwisho ya mimba, kingamwili za aina ya G hupitishwa kutoka damu ya mama hadi ya mtoto kwenye kondo la nyuma. Hazivuji tu. Hubebwa kwa makusudi, hata mtoto aliyetimiza miezi yake huweza kuzaliwa na kiasi kikubwa kuliko alicho nacho mamake. Mtoto njiti hukosa sehemu ya mgao huu. Baada ya kuzaliwa, dang'a na maziwa ya mama huongeza kingamwili za aina ya A, ambazo hulinda koo na matumbo lakini haziingii sana katika damu. Kwa hivyo mama aliyewahi kuugua ukambi, au kuchanjwa, humwazima mtoto wake silaha. Ni za kuazima kweli, kwa sababu mtoto hajui kuzitengeneza, na zilizopo huchakaa siku hadi siku.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba silaha hizi hupungua kwa nusu kila mwezi. Mtoto wa kwanza azaliwe na vipimo 512. Mwezi wa kwanza atakuwa na 256, wa pili 128, kisha 64, 32, 16, 8, 4, 2, na mwezi wa tisa atabaki na 1. Mtoto wa pili azaliwe na 64 pekee. Huyu atafikia 1 akiwa na miezi sita. Wa tatu azaliwe na 4,096. Miezi tisa itamkuta bado ana 8. Watoto watatu, umri mmoja, foleni moja, na kwa macho hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Sasa chanjo ya ukambi ni virusi hai, ila vimedhoofishwa. Asili yake ni virusi vilivyotolewa mwaka wa 1954 kwa mvulana wa shule huko Boston, David Edmonston, katika maabara ya John Enders, na chanjo ya kwanza ikapewa leseni Marekani mwaka wa 1963. Ili ifanye kazi, ni lazima virusi hivi dhaifu vizaane kidogo mwilini, vipite kwenye tezi na kutafuta seli inayovikaa. Wakimchanja mtoto wa tatu katika mfano wetu, kingamwili za mama huvinasa virusi hivyo kabla havijafika popote. Sindano imeingia, kijitabu kimetiwa alama, mama amerudi nyumbani, na hakuna kilichoandikwa katika kumbukumbu ya mtoto. Haikuwa maji matupu. Ni upendo wa mama ulioizuia, kama nikiruhusiwa kusema hivyo.

Kuhusu zile za mwanzo, majibu ni mepesi. Chanjo ya majuma 6, 10 na 14, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa Hib, si hai, haihitaji kuzaana, hivyo kingamwili za mama haziizuii kwa kiasi hicho, na upungufu uliopo hufidiwa kwa kuirudia mara tatu. Ile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi ni hai kweli, lakini kinga yake hutegemea zaidi seli T, si kingamwili, kwa hivyo mama haiharibu. Matone ya polio nayo hufanya kazi yake matumboni.

Umri wa miezi tisa basi ni maafikiano. Ukichanja mapema, wengi bado wana silaha za mama na chanjo hupotea. Ukichelewa, yule mtoto wa pili, aliyeishiwa akiwa na miezi sita, anakaa uchi huku ukambi ukizunguka mtaani. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani juu ya suala hili hili, miongoni mwa watoto wa Kenya, ulichapishwa mwaka wa 1977. Nchi ambako ukambi ni adimu zaidi zinaweza kungoja. Marekani huchanja kati ya miezi 12 na 15. Sisi hatuna nafasi ya kungoja hivyo. Na kuna watoto ambao hata miezi tisa ni mbali: waliozaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi, ambao kwa kawaida hupata mgao mdogo wa kingamwili, huanza wakiwa na miezi sita, na mlipuko ukitokea watoto wengine wa umri huo pia huweza kuchanjwa. Sindano hiyo ya mapema haihesabiwi. Za miezi tisa na 18 hubaki pale pale.

Bei ya maafikiano hayo ni hii: kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, takriban 85 hupata kinga. Watoto 15 hawapati. Sindano ya miezi 18 ni ya hao 15, na kwa kuwa silaha za mama zimekwisha kabisa wakati huo, karibu wote hupata. Ndiyo sababu Kenya iliiingiza dozi ya pili katika ratiba ya kawaida mwaka wa 2013, na tangu 2016 sindano hiyo hiyo imebeba pia chanjo ya rubela. Mama ataniuliza, mtoto wangu ni wa 85 au ni wa 15? Hakuna anayejua. Kumpima kila mtoto damu kungegharimu mara nyingi kuliko sindano yenyewe, ambayo katika kliniki za serikali ni bure.

Na 15 si idadi ndogo. Mgonjwa mmoja wa ukambi, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Ndiyo maana wataalamu husema watu 95 kati ya 100 wahitaji kuwa na kinga ili ugonjwa usipate njia. Hata kama kila mtoto nchini angeletwa kwa dozi ya kwanza bila kukosa mmoja, 85 haifiki 95.

Nawasikia wale wasemao kwamba ukambi ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni, uachwe upite, mtoto atoke na kinga ya maisha. Kuhusu kinga ya maisha wako sawa, wazee wa Faroe ni mashahidi. Wanachokisahau ni gharama. Ukiacha nimonia, upofu na vifo, virusi vya ukambi vina tabia moja ya ajabu, kwamba hupenda kuingia ndani ya seli za kumbukumbu zenyewe. Mwaka wa 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, iliyotolewa kabla na baada ya kuugua ukambi. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya viini vingine. Kila homa waliyoishinda, kila kuhara walikopona, sehemu ya somo ilikuwa imefutwa ubaoni. Mtoto hutoka akiukumbuka ukambi na kuyasahau mengine, na huweza kuchukua miezi au hata miaka kujifunza upya kwa kuugua tena. Chanjo haifanyi hivyo. Kwa mwanafunzi, hapa pana swali zuri la mtihani: eleza jinsi ugonjwa mmoja unavyoweza kuongeza kinga na kuiharibu kwa wakati mmoja.

Limebaki swali la homa. Mama anataka kujua kama homa aliyopata mtoto siku chache baada ya sindano ni ishara kwamba chanjo ilimdhuru, na iwapo kurudia kutamletea nyingine. Homa ya chanjo ya ukambi kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 5 na ya 12, pengine pamoja na vipele hafifu, na sababu yake ni kwamba virusi dhaifu vinazaana na mwili umeanza kazi. Huenda basi mtoto huyu ni mmoja wa wale 85. Lakini watoto wa miezi tisa hupata homa za kila aina, kuanzia mafua hadi malaria, kwa hivyo homa peke yake si cheti, na ikizidi siku mbili tatu au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe akaangaliwe. Ikiwa kinga alishapata, dozi ya pili itakuta seli za kumbukumbu zinangoja, zitavimaliza virusi hivyo dhaifu kabla havijazaana, na huenda mama asijue hata kama mtoto alichanjwa. Ndiyo sababu mara ya pili homa huwa ni nadra kuliko mara ya kwanza.